Nyumba Mbali na Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka shingo imegeukia dirishani na haitaki kurudi. Kochi la shemeji ni la watu wawili waliokaa, si la mtu mmoja aliyelala. Na mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro! Kutwa nimezungukwa na magodoro mpaka darini, usiku nakunja magoti kama panzi. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi niko hoi.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwenyeji wa mji huu niliohamia kikazi, mshauri wa kila asiyeomba ushauri. Leo wakati wa chai ametangaza kwamba ameshatupatia nyumba. Iko mtaa huu huu wa mlimani. Tena ni ukuta kwa ukuta na yake. Tena ameshaomba ruhusa ya kutoboa kigeti ukutani ili tuwe kitu kimoja. Kigeti! Mtu huyu anaonja mboga kwenye sahani yangu na kuniambia chumvi imepungua. Juzi amenifundisha kufunga kamba za viatu. Nimesema nitafikiria. Amesema sawa, ila nisifikirie kwa ule mtindo wangu.

Jioni mke wangu akapiga simu kuhusu ule mtindo wangu. Nyumba ya kwanza niliyomchagulia ilipakana na karakana ya mbao. Ya pili ilikuwa nyuma ya soko la kuku. Ya tatu ilitazamana na chuo cha udereva, na gari la mafunzo likaingia jikoni (kidogo tu). Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema amechoka kufunga vyombo kwenye magazeti. Anakuja na mama mkwe Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipokuwa na nyumba kwenye mtaa mtulivu, mizigo inashushwa kwa kaka yake, kigeti na yote, na hapo hahami tena hata kwa kuburutwa.

Mimi naomba kitu kimoja tu. Nifunge mlango wangu, na shemeji awe upande mwingine wa mji.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezunguka na dalali. Kwa dalali kila mtaa umetulia. Karibu na sokoni alilisema hilo kwa kupiga kelele, maana mashine ya kusaga ilikuwa mlango wa pili. Bondeni tukavuka ua kwa kurukia matofali, akasema hapa shida ya maji hakuna. Kweli kabisa. Maji yalikuwa ndani ya soksi zangu.

Nikawauliza wakazi wenyewe. Kila mtu anausifia mtaa wake, hata yule aliyekuwa anazibua mtaro huku akinijibu. Nikapata akili. Mtu hasemi vibaya kwake, lakini kwa jirani ulimi unateleza wenyewe. Kesho nawauliza wa mlimani kuhusu bondeni, wa bondeni kuhusu mlimani. Sijui kwa nini watu hawajawahi kulifikiria hili.

Jumatano, 8 Oktoba

Sasa najua kwa nini.

Wa bondeni wanasema watu wa mlimani hawasalimiani na nguo wanaanikia ndani. Wa mlimani wanasema bondeni vyura wanapiga kelele kuliko watu, na watu kuliko vyura. Wote kwa pamoja wanasema kubaya zaidi ni stesheni. Stesheni hawakusema lolote. Waliuliza mimi ni nani na namtafuta nani. Fundi baiskeli mmoja akaweka spana chini, akawaita wenzake, akasema huyu anapeleleza nyumba za watu. Nikaondoka kwa mwendo ambao si wa kukimbia, ingawa ulitamani sana kuwa wa kukimbia. Kamba ya kiatu ikafunguka, nikala mweleka mbele ya stesheni nzima.

Shemeji amesema ningefunga kama alivyonifundisha nisingeanguka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kizibao!

Kilikuwa kinaning'inia stoo siku zote, kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, cha kuvaa magari yakishusha mali. Nimekivaa, nikachukua futi ya chuma, nikaingia mitaani. Maajabu! Mtu wa kizibao haulizwi ni nani. Anaelezwa yeye. Nilipima upana wa mtaro, mama muuza mkaa akaja mwenyewe kunisimulia siku gani maji hukatika, mbwa wa nani hubweka na nani hupigana na mkewe. Akaniuliza kuna nini kinakuja. Nikamjibu tunaangalia tu, nikatikisa kichwa polepole kama wahandisi. Uso ukambadilika. Heshima hiyo.

Na mtaa nimeupata! Uko nyuma ya zahanati. Barabara imefagiliwa, mitaro ina mifuniko, watu wanasalimiana bila kusimamishana. Kuna nyumba pacha, paa moja, baraza moja, milango miwili. Upande mmoja ni mtupu. Upande wa pili anakaa bibi mmoja, mkunga mstaafu. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Hakunishauri kitu. Nilikaa pale nikayasikia majani ya mpera wake yakigusana, na karibu machozi yanitoke, jinsi nilivyochoka na sauti za watu. Aliuliza tu kama vipimo vile ni vya heri au vya shari. Nikamwambia tunaangalia tu.

Kutoka pale mpaka kwa shemeji ni mto, soko na mji mzima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mambo yameharibika. Shemeji amempigia mke wangu, amemsimulia kigeti, na mke wangu amekipenda. Amesema walau kwa kaka yake anajua anakwenda wapi. Nikamtajia nyuma ya zahanati. Akacheka kile kicheko chake cha soko la kuku.

Basi nyumba ya mlimani lazima ife.

Stoo kwetu godoro bovu linachorwa alama ya X kwa chaki nyekundu na kurudishwa kiwandani. Na mji mzima unajua X nyekundu ukutani maana yake nini: barabara inapita hapo, tingatinga liko njiani. Leo mchana shemeji na familia walikwenda kusalimia wagonjwa. Nikavaa kizibao, kofia nikaivuta mpaka kwenye nyusi, nikaichora X kwenye ukuta wa ile nyumba tupu. Kubwa, ya kuonekana. Mkono ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo mguu mmoja wa X umevuka kidogo kuingia upande wa shemeji. Sidhani kama kuna atakayeona.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wameona.

Mtaa wa mlimani haukaliki. Watu wasiosalimiana wanasimama vikundi vikundi. Shemeji hajaonja hata mboga yake, achilia mbali yangu. Anasema mpangaji kama yeye halipwi fidia hata ya msumari. Jirani mmoja alimwona mchoraji. Alikuwa mrefu, mwenye hatua za madaha, uso wa msomi, bila shaka mhandisi mkuu kutoka makao makuu. Nikajikuta nimekaa wima. Nikauliza kama alionekana pia mzoefu wa kazi. Shemeji akasema sana, yaani X ile ilichorwa na mtu anayejua. Kidogo nimwage mtama. Miaka yote hii katika ukoo huu sijawahi kusifiwa.

Mke wangu akapiga simu. Sauti imemwishia. Kwa kaka yake hakufai tena, je, ile nyumba yangu ya nyuma ya zahanati bado ipo? Nikamweleza baraza, mitaro yenye mifuniko, bibi jirani, mpera. Kisha akasema kama ni kweli atafurahi. Hilo neno sijalisikia tangu chuo cha udereva. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Kodi nimeshamlipa mwenye nyumba, na ufunguo ninao mfukoni.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda kufagia nyumba. Nimemkuta bibi mkunga anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni. Bila kizibao hakunitambua. Amesema mtu wa serikali alikuja kupima mitaro, na yeye kwa umri wake hataki kuamshwa na tingatinga. Anahamia kwa binti yake. Nikamwambia pengine yule mtu alikuwa anaangalia tu. Akasema hivyo ndivyo alivyosema, na wanaosema hivyo ndio wabaya zaidi.

Nimembebea masufuria. Nimesukuma mkokoteni mpaka barabara kuu. Akaniombea dua nipate majirani wema kama mimi. Roho imeniuma, sitaficha. Ningeweza kumwambia, na mdomo niliufungua, lakini hapo hapo angemwambia mwenye nyumba, naye angeninyang'anya ufunguo, na mke wangu anakuja Jumamosi.

Baadaye nikajiliwaza. Upande wa pili ukiwa mtupu, utulivu unakuwa mara mbili.

Shemeji haonekani siku hizi. Kutwa kiguu na njia na dalali. Maskini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Lori limefika asubuhi na mke wangu na mama mkwe. Mke wangu alisimama barazani kabla hajagusa hata ndoo moja. Akasikiliza. Nami nikasikiliza, jasho linanitoka. Hakuna mbao. Hakuna kuku. Hakuna gari lililo kwenye gia isiyo yake. Akavua viatu, akaingia, akafungua dirisha la mperani, akasema hapa ataweka cherehani yake. Nikageukia ukutani nijifanye napangusa vumbi.

Ndipo lori la pili likaingia mtaani.

Juu kabisa niliona kochi. Kochi lile nalijua kwa kila springi yake.

Shemeji ameruka kutoka mbele akicheka. Amesema yeye si mtu wa kusubiri tingatinga. Dalali alimwambia kuna upande wa nyumba umeachwa ghafla nyuma ya zahanati, akawahi, na jana tu ndipo akajua pacha wa nyumba ile ni sisi. Akanyamaza makusudi ili atushtukize! Mama mkwe akapiga vigelegele. Shemeji akasema kigeti hakihitajiki tena, maana baraza ni moja, na kati ya jiko na jiko kuna mlango uliozibwa na kabati tu.

Kabati ameshalisogeza.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo nyuma ya choo. Ndiyo sehemu pekee isiyo na mlango wa kwenda kwa shemeji.

Tangu asubuhi amenifundisha kutundika mapazia, kukaza bomba na kukoroga uji. Mchana alipitia jikoni akaonja mboga kutoka kwenye mwiko wangu. Chumvi imepungua. Mke wangu na kaka yake walikaa barazani wakicheka mambo ya utotoni. Kisha mke wangu akaja akaniambia safari hii nimechagua vizuri. Kwamba mtaa ni mtulivu, kwamba hahami tena maisha yake yote. Alinishika bega. Nilifurahi, nafurahi hata sasa, lakini shemeji akaita jina langu tena.

Nimechoka. Ila nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na kosa nimelijua. Ile X ilikuwa kubwa mno, na mkono ulitetemeka. Ndiyo maana mambo yalisambaa.

Chaki bado ninayo. Kizibao kiko kwenye mfuko wa kazi. Kesho asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, nitachora X moja ndogo, nadhifu, upande wa shemeji tu. Paa ni moja, ndiyo, lakini mhandisi mkuu anajua mpaka uko wapi.