Hakimu wa Hong Kong Aache Kumwiga Mwenyekiti Wetu

Irving, Dallas
Oktoba 1999

Kwa Mhariri wa jarida la "Jirani",
Umoja wa Jirani Mwema, Tawi la Houston,
Stafford, Texas.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mashine yenu ya kutoa nakala, iliyotuletea toleo lililopita likiwa na nusu ya matangazo ya arusi na hakuna hata jina moja la bwana arusi, imekwisha kupona. Mimi ni Katibu wa Baraza la Usuluhishi la Tawi la Dallas na Fort Worth. Nina shahada ya sayansi ya siasa, nimesoma vitabu vingi kuliko rafu zangu zinavyoweza kubeba, na haijapata kutokea nikaandika kulalamikia burudani za watu. Leo nimelazimika.

Shauri lenyewe ni filamu. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa, wanachama wetu hukusanyika kutazama kanda za video zinazokodiwa kwenye duka la Wachina kule Plano. Ni vichekesho kutoka Hong Kong, lugha yake Kikantoni, na habari zake ni za zama za wafalme: mahakimu wenye kofia nyeusi za mabawa mawili, wanaopokea rushwa kwa kuitumbukiza ndani ya mikono mirefu ya kanzu, kisha wanatoa hukumu ambazo kwazo aliyeibiwa hujikuta anamwomba radhi mwizi. Watu hucheka mpaka viti vinalia. Kikantoni hakuna anayekijua, na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha hukimbia kama yanafukuzwa. Kwa hiyo ndugu yetu Vital, Mkongomani wa Bukavu anayepakia mizigo ghalani, husimama kando ya televisheni akatusimulia kwa Kiswahili cha kwao. Naomba ulikumbuke jina hilo.

Ili wasomaji wa Houston wasiachwe njiani, nieleze kwanza kesi tuliyo nayo. Miezi michache iliyopita, Kiplagat, ambaye ni mkwe wa Mwenyekiti wetu Mzee Elkana, alirudisha nyuma gari lake la mizigo katika maegesho ya kanisa, akaliponda gari dogo la dada Moraa lisifae tena. Moraa anahudumia wakongwe katika nyumba moja ya wazee huko Plano, na mnajua wenyewe kwamba katika nchi hii ya Texas mtu asiye na gari ni mtu asiye na miguu. Alitaka kuwaita polisi. Mzee Elkana akamwambia, "Binti yangu, mambo ya nyumbani tunayamaliza nyumbani," naye akatii, maana ndivyo katiba yetu inavyotaka. Baraza likamsikiliza kwa subira kubwa, likaahirisha. Likamsikiliza tena, likaahirisha tena. Hatimaye likaamua kwamba gari la Moraa lilikuwa limeegeshwa mahali ambapo gari linaweza kugongwa, na hivyo Moraa amtake radhi Kiplagat kwa usumbufu uliompata.

Uamuzi huo nimeuandika mimi, kwa Kiswahili ambacho, bila ya kujisifu, hakina doa. Kilichobaki ni kusomwa Jumapili ya mavuno. Katiba inasema hukumu haina nguvu mpaka Katibu aisome kwa sauti, amesimama, mbele ya wanachama wote. Isiposomwa, haipo, na shauri huanza upya. Ikisha kusomwa, haifunguliwi tena hata na malaika.

Hapa katikati, kabla ya kusomwa, ndipo Hong Kong ilipotuingilia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Filamu hizi zimeharibu ukimya wa Baraza. Zamani Mzee Elkana akiingia, watu walisimama na kukohoa kwa adabu. Sasa anaingia, anagonga meza kwa mchi wake mdogo wa kutwangia vitunguu saumu, ambao ndio nyundo yetu ya sheria, na mara safu ya nyuma inaanza kuguna kwa pamoja, sauti nzito, ndefu, kama wanavyoguna askari wa mahakama katika filamu wakigonga fimbo sakafuni. Kikao kilichopita Mzee aliuliza, "Nani huyo?" Safu nzima ikatazama dari. Ndugu Mhariri, dola kubwa zimeanguka kwa mambo madogo kuliko mguno.

2. Watengenezaji wa filamu hizi wametuibia. Nasema hivi baada ya kufikiri. Katika kanda moja, tajiri anampelekea hakimu nguruwe mzima wa kuokwa usiku wa kuamkia kesi, na asubuhi yake hakimu anamsikiliza mjane huku akichokoa meno. Sasa, ni kweli kwamba usiku wa kuamkia kesi ya Moraa, Kiplagat alimpelekea Mzee mbuzi kutoka shamba moja lililo mbele ya Fort Worth. Lakini ule ulikuwa upendo wa mkwe, tena mbuzi si nguruwe. Na ni kweli Mzee alikuwa na kijiti cha meno Moraa alipokuwa akitoa ushahidi, lakini cha Mzee kilikuwa cha plastiki. Jiulize basi: watu wa Hong Kong wamejuaje? Ama Wachina wa kale walioteshwa Baraza letu, ama kuna mtu anawapelekea kumbukumbu za vikao. La kwanza ni uchawi, la pili ni usaliti. Charlotte, jirani yake Moraa, alidiriki kusema kwamba ipo njia ya tatu, kwamba huenda mahakimu wa namna hiyo wanafanana popote walipo. Nilimjibu kwamba hoja yake haina rejea hata moja. Akasema, "Rejea si imekaa pale mbele inachokoa meno." Huo ndio msamiati tuliobakiwa nao.

3. Zimeua ukarimu. Mtu alikuwa akimletea mzee wake sinia ya sambusa akaiweka mezani, na hakuna aliyeuliza kesi yake inasikilizwa lini. Siku hizi mwanachama akionekana amebeba bakuli lililofunikwa, watoto humwambia, "Tia kwenye mkono wa kanzu." Mama mmoja aliyemletea Mzee maandazi aligeuza gari njiani kwa aibu, ingawa yeye hana kesi na hajawahi kuwa nayo. Ninauliza, na ninataka nijibiwe na wasomi wenzangu: jamii itakayoogopa kumpa mkubwa maandazi itaendeshwa kwa kitu gani? Kwa haki tupu?

4. Vital. Huyu si msimuliaji, ni mchochezi. Kwanza hana elimu ya jambo analolisimulia. Ametuhakikishia kwamba Hong Kong ni mkoa wa Japani na kwamba kofia ya hakimu ina mabawa ili asizame akianguka mtoni. Hayo ningemsamehe. Lakini sikiliza alivyoisimulia kesi ya yule mjane ambaye punda wake aligongwa na punda wa mkwe wa hakimu, ambaye yeye humwita "juge": "Mufungule masikio. Juge iko anasema, weye mama, punda yako ilikuwa inatafuta nini nyuma ya punda ya mukwe yangu? Mama anasema, Papa Juge, punda ilikuwa imelala. Juge anasema, ah-ah, ililala mahali punda inaweza kugongwa." Ukumbi ulipasuka. Mzee mmoja alimwaga chai mapajani na akaendelea kucheka. Ni dhahiri kwamba Vital ameyachukua maneno ya hukumu yetu, akayatia kinywani mwa Mchina wa watu. Mimi nimesoma sana habari za zama zile, na sioni namna hakimu wa mfalme angeweza kutamka upuuzi wa kiasi hicho.

Sehemu moja tu ya simulizi ile ndiyo ninayoamini kuwa imo kweli katika filamu. Mjane anapoondoka, Vital hushusha sauti: "Muone, juge anapanguza machozi. Naye ni mutu." Hapo nilifarijika. Nikasema, kumbe waliotunga kisa hiki walikuwa watu wastaarabu, ila tumepata mkalimani mbaya. Mwisho wa kanda hatujawahi kuuona, kwa sababu saa ya zamu ya jioni ghalani ikifika Vital huzima televisheni na nusu ya ukumbi huondoka naye.

5. Nimemwacha Moraa wa mwisho kwa sababu ndiye aliyedhurika zaidi. Kabla ya filamu hizi alikuwa mlalamikaji wa kupigiwa mfano. Alilia kila kikao, nasi tukapata nafasi ya kumfariji, kazi ambayo Baraza linaifanya vizuri kuliko nyingine zote. Sasa halii. Anauliza maswali. Aliposomewa muhtasari wa uamuzi alisema, "Mzee, gari lilikuwa limezimwa. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya kanisa naimba kwaya. Sasa hiyo pole nampa ya nini?" Kisha akacheka, na Mhariri, kicheko chake hakikuwa cha furaha. Asubuhi hupakiwa garini na Charlotte, ambaye kazi yake iko upande mwingine kabisa wa jiji, na hivyo hufika Plano wakongwe wamekwisha kukaa mezani wanasubiri mtu wa kuwalisha. Msimamizi wake amempa onyo, na amemwambia kwamba hilo ndilo la mwisho. Ninayataja haya ili kuonyesha jinsi filamu zinavyomwondolea mtu umakini wa kazi.

Tena kuna ngoma. Katika filamu hizo, nje ya mlango wa mahakama hukaa ngoma kubwa, na raia yeyote aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kuipiga, hakimu akatoka hata kama yuko katikati ya chakula. Wiki iliyopita Moraa aliichukua ngoma ya kwaya akaiweka nje ya mlango wa Baraza. Hajaipiga. Ameiweka tu. Mzee Elkana alipoiona aligeuka akaingilia mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo anaingilia huko.

Kutokana na hayo, naomba jarida lako lichapishe mapendekezo yangu na matawi yote yayafuate. Kanda za Hong Kong zenye mahakimu zipigwe marufuku hadi Jumapili ya mavuno ipite. Ikiwa lazima zionyeshwe, hakimu aonekane kwa mgongo tu. Vital apewe filamu za ndege na samaki, ambamo hakuna anayesema neno. Kicheko kiruhusiwe baada ya hukumu kusomwa, si kabla. Houston itutumie filamu za kusikitisha, maana watu wanaolia ni wepesi kuongoza. Ngoma irudi kwa kwaya. Na kwa kuwa filamu moja inaweza kuvunja heshima ya kikao, na kikao kikivunjika hakuna Baraza, na bila Baraza kila mtu atajiamulia mwenyewe nani kamgonga mwenzake kwa kutazama tu gari lililobonyea, napendekeza hatua ya mwisho: macho ya wanachama yasikubaliwe tena kuwa ushahidi. Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Hawakusema tufanye nini pale ambapo kijiji kizima kimekwisha kuona mkia.

Wasalimie wote wa Stafford, Alief na Sugar Land, wanaotukumbuka na wanaotusahau. Wasalimie wanakwaya wenu. Msalimie na fundi wa mashine ya nakala, mwambie wasomaji wa Dallas wanamwombea.

Ni mimi mtumishi wenu katika haki na utaratibu,

Ambilikile Mwaipaja
Katibu, Baraza la Usuluhishi

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha nilipoona kwamba hoja ya nne inahitaji ushahidi. Nikaenda Plano mwenyewe, nikaikodi kanda ya mjane na punda, nikaitazama mchana peke yangu, nikiisimamisha kila sentensi ili nisome maandishi ya chini na kuorodhesha uongo wa Vital.

"Mahali ambapo punda anaweza kugongwa" imo. Imeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi nyeupe. Mjane kuomba radhi, imo pia. Punda aliyelala, imo. Vital hakuongeza chochote katika maneno ya hakimu isipokuwa lafudhi ya Bukavu.

Chozi ndilo halimo. Nimeirudisha kanda nyuma mara nyingi. Mjane anatoka, na hakimu anaitisha supu. Chozi aliliongeza Vital. Nilipomuuliza aliona haya kidogo, akasema, "Grand frère, kaka yangu, nilionaka Mzee Elkana amekaa pale mbele. Nikamuhurumia."

Nikautazama na ule mwisho tusiowahi kuuona. Kumbe muda wote kando ya hakimu kuna karani kijana, mwenye mwandiko mzuri na majivuno kupita kiasi, ambaye nilikuwa sijamtilia maanani. Hakimu anamwamuru aisome hukumu. Anasimama, anafungua kinywa, anamtazama mjane. Kisha anaikunja karatasi, anaitumbukiza katika mkono wa kanzu yake, mle mle zinamotumbukizwa rushwa, anatoka nje na kuanza kuipiga ngoma kwa mikono yote miwili.

Hukumu ya Jumapili haitasomwa. Mzee Elkana nimekwisha kumwambia, kwa heshima zote. Kuanzia Jumatatu asubuhi nitampeleka Moraa kazini mimi, mpaka shauri lisikilizwe upya na watu wasio na mkwe ndani yake. Yote niliyoyaandika hapo juu yachapishe au uyachome, sina neno. Ila lile la ngoma nalifuta. Ibaki pale pale mlangoni, na Moraa ataniwia radhi nikimtangulia kuipiga.

A. M.