Vikapu vya Mwana wa Soli

Gazeti lilitua mezani kwa Bi Birika, muuza kahawa, kwa kishindo, vikombe vya kahawa vikaruka. Aliyelitupa ni Soli, fundi viatu, na leo hakusalimia mtu.

"Someni! 'Mfungaji bora awekwa benchi, timu yashinda.' Mwanangu huyo! Kocha kamkalisha kwa makala za huyu, na jioni wana mechi nyingine!"

Kidole kilimlenga Kikokotoo, mwandishi wa michezo, binti anayeandika mpira wa kikapu kama anasahihisha mtihani wa hesabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba nitaitikia mwanangu akirudi uwanjani!"

Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, akasogeza kigoda. Ugomvi usio wake humnogea kuliko sukari.

"Baba, nimehesabu mechi kumi," Kikokotoo alisema. "Akiwemo, tunafungwa vingi kuliko tunavyofunga. Akitoka, tunaongoza."

"Hata mimi nimehesabu!" Soli alichomoa kipande cha ngozi kilichojaa mistari ya chaki. "Kila kikapu cha mwanangu, mstari. Mia moja na nne!"

"Na alivyokosa?"

"Vya kukosa nivihesabu vya nini?"

"Kweli kabisa," Wembe alidakia. "Mbona mimi sihesabu masikio niliyoyakwaruza?"

"Na walivyofunga wapinzani?"

"Hao wana baba zao!"

Bi Birika alicheka hadi kahawa ikamwagikia nje ya kikombe.

"Makala yangu uliimaliza, baba?"

Hakuimaliza. Alifika katikati, hasira zikamziba macho. Kikokotoo akatoa daftari, akamsomea mwisho wake: "'Hakuna anayeona pasi kama kijana huyu. Mechi mbili alizogawa mpira, timu ilishinda zote. Swali ni moja: mbona hagawi?'"

Bi Birika akaweka birika chini.

"Soli, ndugu yangu, kila mechi kuna mzee husimama jukwaani akibweka, 'Usitoe! Tupa mwenyewe!' Hadi mishipa ya shingo inamtoka. Humjui kweli?"

Wembe alianza kucheka, akaona uso wa Soli, akakimeza kicheko.

Soli aliitazama ngozi yake. Mistari mia moja na minne, na hakukumbuka hata mmoja ambao hakuupigia kelele kwanza. Akatoa simu.

"Mwanangu? Mwambie kocha leo utagawa mpira... Gawa, nimesema... Hapana, siumwi! Mimi ni baba yako, nani mwingine?"

Akakata. Akajikohoza.

"Marahaba, binti yangu. Haya, pasi huandikwaje?"

"Mstari tu, baba. Kama vikapu."

Soli akageuza ngozi upande mtupu, akaupangusa kwa kiwiko, akaugawa kwa chaki: juu pasi, katikati vya kukosa. Chini akabakisha nafasi kubwa.

Wembe akachungulia. "Na hapo chini?"

"Masikio."