Tangazo Lisilonaswa na Antena Tatu

Woolwich, London
9 Novemba 1992

Kwa Bwana Msimamizi wa Redio,
Yadi ya Mabehewa

Bwana Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na madereva wako wa treni na yule mzee wa chumba cha ishara anayekohoa. Mimi ni Mwatima, mjane wa Soud, aliyekuwa akiunganisha na kuachanisha mabehewa hapo kwenu mpaka alipostaafu. Nakuandikia Kiswahili bila wasiwasi, kwa sababu marehemu aliniambia alikwisha kuwafundisha cha kutosha: "polepole", "bado" na "basi". Mengine utayakisia.

Soud alifariki mwezi wa Julai. Kwetu Unguja mtu akifa, redio hutangaza. Msomaji hutaja jina lake, mtaa wake na saa ya maziko, kisha huwataja jamaa mmoja mmoja na kusema habari ziwafikie popote walipo. Mama yangu alikuwa akiondoa kikaango jikoni ili asikie vizuri. Redio ya hapa London haina kipindi hicho, nimeisikiliza. Nikaona basi, tangazo la Soud litatoka kwenye redio yenu, ile ya kuitana na madereva yadini, maana ndiyo aliyosemea miaka yote. Hapo ndipo yalipoanza malalamiko yangu.

1. Hamkutangaza, au mlitangaza nisisikie. Kwa kuwa sipendi kuwadhania watu ubaya, nililaumu antena. Bwana Chaman, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la redio karibu na soko, alinifungia ya kwanza juu ya gari letu dogo la mizigo, nami nikaegesha kando ya ua wenu. Nilisikia habari za mabehewa ya mchanga. Nikaongeza ya pili. Nilisikia habari za mchanga uleule, kwa sauti safi zaidi.

2. Antena ya tatu ni ndefu mno. Chaman alirudi nyuma akaitazama, akasema, "Mama, hii si gari tena, ni panzi." Tangu siku hiyo siwezi kuingia kwenye maegesho yenye paa, na mboga nazibeba kutoka mbali. Maumivu ya magoti nayaweka juu yenu, kwani mngetangaza mapema antena mbili zingetosha. Tena Soud alikuwa akisimama nyuma ya gari nikirudi kinyumenyume, akiniambia "bado, bado, basi," kama alivyowaambia madereva wenu. Sasa narudi peke yangu, na ukuta wa jirani una alama.

3. Hamsalimiani. Chumba cha ishara kinaita, dereva anajibu "Nipo," na papo hapo mnaingia kwenye habari za mabehewa. Hakuna anayemuuliza mwenzake ameamkaje. Watu wasioulizana hali watajuaje nani amekufa?

4. Hammalizi habari. Mwezi wa Septemba dereva mmoja alisema jino linamuuma. Badala ya kupewa pole aliambiwa, "Lilete karakana, tuna nyundo." Wakacheka, kisha kimya. Kesho yake nilileta karafuu langoni. Mlinzi akaniuliza ni za behewa gani. Nikamwambia ni za jino. Akanirudisha, na mpaka leo sijui jino lile liliishia wapi.

5. Polisi alinigongea kioo, akasema kusikiliza mazungumzo ya reli ni kosa. Nilimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikamweleza kwamba sisikilizi mazungumzo, nasubiri tangazo. Akauliza tangazo la nini. Nilipomwambia alivua kofia, akanywa chai yote, akaniomba nisogee mbele kidogo.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mtangaze tena, ama mniruhusu nifunge antena ya nne juu ya paa la chumba chenu cha ishara, ili tangazo likitoka lisiwe na pa kupita ila kwangu.

Kuwapunguzia kazi, nimeliandika: "Bibi Mwatima wa Woolwich anasikitika kutangaza kifo cha mumewe, Soud. Maziko yamekwisha fanyika. Habari ziwafikie madereva wote, mzee anayekohoa, mwenye jino, na kila aliyewahi kuambiwa 'basi' akasimama." Asomaye asikimbize.

Nisalimie wote wa zamu ya asubuhi na ya jioni, na mlinzi wa lango pia, sina kinyongo naye.

Wako kwa heshima,
Mwatima

N.B. Baada ya kutia sahihi nilimsomea Chaman barua hii anisahihishe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini Mama, hao watu wa reli, nani aliwaambia?" Kwetu wanaume wa ukoo ndio waendao kituo cha redio na karatasi ya tangazo, mimi sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nimelifikiria sasa. Hakuna aliyewaambia. Soud alikwisha staafu, na mimi nilikuwa ndani ya gari, nikingoja mniambie nyinyi. Basi, Bwana Msimamizi, malalamiko yote matano nayafuta. Soud amefariki. Ndiyo kwanza nakwambia. Naomba mumkumbuke.