Mayai, Majivu na Mchanga wa Jangwani

Jumatatu, 9 Septemba

Upepo tangu asubuhi. Mchanga umeingia mpaka kwenye uji. Naandika huku nyuma ya daftari la kliniki la mwanangu Prisila, kurasa za mwisho. Manesi hawafiki huku.

Leo nimepewa cheo! Mlinzi wa kipande. Mwalimu Nuhu, mwenyekiti wa chama cha baiskeli, amekuja mwenyewe, na ile kaptula yake ya kubana. Sikujua nimtazame wapi. Mtu amenifundisha darasa la tano! Nikatazama mikorosho.

Akaeleza kwamba ile njia ya zamani ya matrekta ya karanga, inayotoka Nachingwea kuelekea Ruangwa, sasa ni njia ya baiskeli za starehe. Kila Jumamosi wanapita. (Starehe! Kuendesha juani bila hata gunia nyuma.) Kila kijiji kiwe na mlinzi wa kuandika ubaoni habari za njia: wapi pana mchanga, wapi nyuki, wapi kuna msiba watu wapite polepole. Na mwisho wa mwezi, mlinzi ambaye watu hawaangukianguki kwenye kipande chake anapewa baiskeli. Ya kike. Ina kapu mbele.

Kapu mbele! Nikamtazama Prisila. Anaenea.

Tatizo ni kipande chenyewe. Wanakiita Jangwani. Matrekta yalikwangua miti yote enzi za babu, haikurudi. Mchanga mtupu, nywii, hadi ng'ambo. Waendesha baiskeli wanadondoka humo kama mabibo. Mwenzangu Mwanamvua, mlinzi wa upande wa Marambo, yeye kapewa changarawe ngumu. Pale mtu haanguki hata akisinzia. Tena Mwanamvua ana kidato cha nne. Tena ana filimbi.

Haki iko wapi?

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya plasta. Hatukwenda.

Prisila alizaliwa na mguu wa kulia umepinda ndani, kama mtu anayetaka kujitazama unyayo. Hospitali ya misheni walisema utanyooka. Plasta ngumu, ile watu wanaiita muhogo, inabadilishwa kila Jumatano, mara sita, bila kuruka. Tumefunga tatu. Na kweli ulikuwa unanyooka! Mimi nimeona kwa macho yangu.

Ila kwa miguu natoka gizani nafika saa saba, na mfungaji plasta keshaondoka. Wiki iliyopita nilimkuta anafunga mlango, akanihurumia. Leo nikasimamisha boda. Akautazama mchanga, akamtazama mtoto, akataja bei ya mtu anayekwenda Dar. Nikarudi ndani.

Baiskeli yetu iko Ruangwa na baba yake, Tadeo, anachoma matofali huko. Nimempigia. Akasema baiskeli ndiyo mguu wake wa kazi. Nikamuuliza, na mwanao mguu wake ni upi? Simu ikakatika. Tadeo si mtu mbaya. Itakuwa chaji.

Jioni nikampigia Nesi Valentina wa pale misheni. Alinigombeza mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Halafu akapoa. Akasema we mama Prisila utaniua, sikiliza, Jumamosi napita huko na kundi la baiskeli, nitabeba plasta kwenye begi, nimfungie hapohapo kwako. Lakini mara hii moja tu. Tukiruka wiki mbili, mguu unarudi ulikotoka na tunaanza moja.

Sawa. Jumamosi basi. Mungu yupo.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeandika ubao wangu wa kwanza:

MCHANGA UPO. NYUKI WAPO. MBUZI WA ADINANI KAPOTEA, MWEUSI, ANA JEURI. MAJI YA KUNYWA KWA MAMA PRISILA.

Mwanamvua amepita kuukagua, eti anapita tu. Akasema mwandiko wangu unatembea kama kumbikumbi aliyekatika mabawa. Akapuliza filimbi yake, akaenda. Mtu mzima!

Usingizi hauji vizuri. Nawaza Nesi Valentina akidondoka Jangwani, mtu mnene vile, plasta zote zimwagike mchangani. Lazima nifanye kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimefanya! Akili zangu hizi, ningesoma ningefika mbali.

Mwalimu Nuhu alisema alama ya hatari iwe nyekundu na ionekane mbali. Nyekundu ninayo: sketi ya ndani ya siku ya harusi. Nimeichana vipande, nimefunga kwenye vijiti, nimevichomeka pale njia panda mchanga unapoanzia. Juu ya kila kijiti nimevisha ganda la yai, ling'ae asubuhi. Kuku wangu wa madoa anataga vizuri siku hizi. Halafu nikachukua majivu ya jikoni nikachora mstari kandokando, watu waone ardhi ngumu inapoishia.

Nilikwenda alfajiri kabla ya upepo. Nilijifunga kaniki, nguo nyingine nilikuwa nimefua. Prisila mgongoni, nimemfunika gubigubi asipate vumbi. Nikawa natembea kinyumenyume nisiyakanyage majivu.

Mtu mmoja akatokea kwa mbali, ana jembe. Nikampungia mkono. Akatupa jembe, akakimbia. Sijui alisahau nini nyumbani.

Nimeangalia kazi yangu jua lilipochomoza. Pamependeza.

Jumamosi, 14 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimwogesha Prisila, nikautia mguu mafuta juu ya plasta ilipoishia. Nikatandika mkeka. Nikachemsha maji. Saa tatu wakatokea, nguo za rangi zote, kama kanga zilizoanikwa. Kofia ya bluu ni Nesi Valentina. Nikambeba Prisila nikamwambia haya mama, mguu wako unakuja.

Wakafika njia panda. Wakasimama.

Nikapunga mkono. Hakuna aliyepunga. Mmoja akashuka, akainama kutazama vijiti, akaruka nyuma kama kakanyaga kaa la moto. Wakateta. Mwingine akageuza baiskeli. Halafu wote. Kofia ya bluu ilibaki kidogo, peke yake. Nikakimbia na mtoto mkononi, naita nesi, nesi! Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu.

Naye akageuza.

Nimempigia. Akasema yeye mambo hayo hayaamini, yeye ni nesi, ana cheti. Ila ana watoto watatu. Nikamuuliza mambo gani? Akasema hujaona? Kuna mtu kategesha dawa njia panda, nyekundu, mayai, majivu, kila kitu, na wewe unakaa hapohapo, pole sana mdogo wangu, mfunike mtoto.

Nikasema asante.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani hawakusikiliza mahubiri. Ni dawa, dawa, dawa. Yule wa jembe anasimulia: mwanamke mweusi tii, ana nundu mgongoni, anatembea kisogo mbele, akaniita kwa mkono. Kila akisimulia nundu inakua. Nundu ni Prisila!

Njia imefungwa. Mwalimu Nuhu kaagiza mganga, Mzee Ramadhan, aje Jumanne kuitoa dawa. Kila nyumba ya karibu itoe kuku. Kwangu wamemchukua wa madoa. Yule yule mwenye mayai. Alinitazama alipobebwa.

Ningesema? Nikisema, baiskeli imekwenda. Nisiposema, ipo bado. Mwezi haujaisha. Na tangu nipewe cheo hajaanguka mtu Jangwani! Hata mmoja! Kwa sababu hajapita mtu, lakini Mwalimu hakusema lazima wapite.

Jumanne, 17 Septemba

Mchana kutwa tumesimama juani.

Mzee Ramadhan alikuja na begi la shule la mjukuu wake. Akazunguka vijiti mara saba. Akanusa. Akasema hii si ya hapa, hii imevuka mto Ruvuma, nzito, na aliyeitega si mtoto wa juzi. Nyekundu ni damu. Mayai ni uzao utakaokatika. Majivu ni nyumba zitakazoungua. Mimi najua ni majivu ya maharage ya Alhamisi, lakini alivyosema hata mimi nikaogopa.

Akafunga kitambaa cheupe kwenye mti, akamwaga unga chini yake, akaanza kuwaombea wazee waliolala. Watu wote wakainamisha vichwa. Hata Mwalimu Nuhu alivua helmeti. Palipendeza kweli.

Halafu wakauliza ni nani. Mzee Ramadhan akasema yeye hataji mtu, akautazama mstari wa majivu unakoelekea. Marambo. Mmoja akasema nani anafaidika kipande hiki kikifa? Mwingine akasema mwenye filimbi. Wote wakageuka.

Mwanamvua akacheka kwanza, alidhani utani. Akaona hakuna anayecheka. Akaishika filimbi yake kwa mikono miwili.

Nikajiambia, nyamaza Koleta. Baiskeli hiyo inakuja yenyewe. Kapu mbele. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza muda mrefu. Mpaka mama yake Mwanamvua akapiga yowe, lile la msibani, na nikaona mwanaume mmoja anainama kuokota jiwe. Na mwingine.

Nikapiga kelele: ni sketi yangu ya ndani!

Wote wakanigeukia. Nikatoa kipande kilichobaki, nilikuwa nimemfungia Prisila kichwani kuzuia vumbi. Kina lesi, kina ule mpira wa kiunoni. Nikawaonyesha. Nikasema na mayai ni ya yule kuku mliyemkamata. Na nundu ni huyu hapa, mtazameni. Prisila akawapigia makofi, ndiyo kwanza amejua juzi.

Mmoja akacheka. Wakacheka wote, mpaka wengine wakakaa chini. Mawe yakaachwa palepale. Mama yake Mwanamvua hakucheka. Alinitazama tu.

Mzee Ramadhan alikasirika. Akasema sketi ni yake, sikatai, lakini imeshaingiwa na dawa. Na kuku harudi.

Mwalimu Nuhu hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema, Koleta, wewe darasani ulikuwa hivihivi. Nimevuliwa cheo. Baiskeli kapewa Mwanamvua leo leo, kumfuta machozi.

Nimeliona kapu. Prisila angeenea kabisa.

Jumatano, 18 Septemba

Siku ya plasta. Nimeamka nikakaa tu. Kisha nikasikia filimbi nje.

Mwanamvua, na baiskeli. Hakuteremka. Akasema panda, usiniongeleshe. Nikapanda kwenye keria na Prisila kifuani. Akasema asingekuja, ila aliota jiwe. Nilitaka kumuuliza, ila nilikatazwa kuongea.

Jangwani tulianguka. Vijiti wameshang'oa, majivu yamekwenda na upepo, hakuna aliyejua mchanga unaanzia wapi. Niliwahi kutangulia chini mimi, ili Prisila anidondokee. Hakulia. Mwanamvua kachubuka goti, akasema njia hii bila alama sipiti tena, nisikudanganye.

Tumefika saa nne. Nesi Valentina akakwepa macho yangu, akamwita mfungaji. Wakaikata plasta ya zamani. Mguu umerudi. Si wote, lakini umerudi, unajitazama unyayo tena. Nikauliza tumebakiza tatu? Mfungaji akasema mama, tunaanza moja. Sita.

Nilitoka nikasimama nyuma ya jengo la maabara. Muda kidogo. Halafu nikarudi, kwa sababu Prisila akilia lazima anione mimi.

Njiani Mwanamvua akasema Jumatano sita nyingi. Akasema atanibeba. Tukifika Jangwani nitashuka nitasukuma, sharti mchanga uwekwe alama. Nikasema niachie mimi hilo. Akasimamisha baiskeli, akanigeukia. Akasema, Koleta, hapana. Nikasema sawa.

Alhamisi, 19 Septemba

Upepo umetulia. Prisila amelala, plasta mpya nyeupe, namba moja. Nimeipiga busu, ina ladha ya chokaa.

Nimekaa nikafikiri vizuri, kosa langu nimeliona. Ni rangi! Nyekundu inatisha watu, hata mimi ingenitisha. Ila juzi kile kitambaa cheupe cha Mzee Ramadhan kule mtini, na unga chini, nani alikimbia? Hakuna. Walisimama wote, wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Sasa si ndicho tunachotaka? Wapunguze mwendo!

Nimechana shuka la zamani, vipande vyeupe kumi na viwili. Unga wa muhogo upo debe zima, nitaumwaga mstari mzuri kuliko wa majivu. Kesho kutwa Jumamosi waendesha baiskeli wanarudi, watapita salama, na Mwanamvua Jumatano hatakuwa na la kusema.

Kesho alfajiri nakwenda, kabla watu hawajaamka. Kaniki sivai tena, nimekoma. Nitajifunika lile shuka jeupe lililobaki, kuanzia kichwani, kwa ajili ya vumbi. Prisila mgongoni.

Kinyumenyume, nisiukanyage unga.