Waziri Hajapauka Kiasi cha Kuhamishwa

Musinzira, Gitega
Mwezi wa saba, katikati ya kiangazi

Kwa Bi Kulthumu, mama mzazi wa mume wangu,
Gashoho, Muyinga

YAHUSU: KUPINGA KUHAMISHWA KWA MTOTO WAZIRI KWA SABABU YA MIGUU KUPAUKA

Mama mkwe mpendwa,

Assalam aleikum. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekaa sakafuni, maana kiti kimoja kina nguo mbichi na cha pili kina mjukuu wako, ambaye amelala akiwa amekaa. Naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Siku ya Idd, pale uani kwako, ulimpakata Waziri, ukapitisha ukucha kwenye mguu wake, ukatokea mstari mweupe. Ungeishia hapo ningenyamaza. Lakini wewe uliandika. Uliandika herufi W, tena kwa mwandiko mzuri, ukawaonyesha wanawake wote waliokuja kula: "Oneni, huyu mtoto iko ubao wa shule! Kule Gitega mafuta yameisha?" Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kisha ukatangaza kuwa Alhamisi unakuja kumchukua, akae kwako mpaka mvua zianze. Mi sikujibu, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu nilikuwa na nyama mdomoni. Sasa nimemeza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiangazi cha Gitega sikukileta mimi. Asubuhi ni baridi, mchana upepo unabeba vumbi jekundu na kuligawa kila nyumba bila upendeleo. Tena mji huu sasa umejaa mawaziri wa serikali, nao wanapigwa na upepo huohuo. Sijasikia hata mmoja ambaye bibi yake amekuja kumrudisha kijijini kwa sababu ya miguu. Kwa nini aanze huyu wangu, ambaye hata suruali bado anavaa kinyume?

2. Si kweli kwamba simpaki. Nimejipangia utaratibu wa kila siku, mi na mtoto pamoja, maana ngozi yetu ni moja, kavu kwa kavu. Asubuhi tunaoga maji ya vuguvugu, si yale yako ya kumchemsha mtu kama muhogo. Sabuni ni ya kuogea, na ni kwa sehemu zilizochafuka tu. Ile ya kufulia nimezirudishia nguo. Taulo simsugulii, namgusia tu maji yapungue. Halafu, ngozi ikiwa bado na unyevu, hapohapo mafuta. Mzee Fatehali wa dukani ndiye aliyenikazania: "Paka na maji yake, mama. Ukingoja akauke unapaka vumbi." Jioni tunarudia, na miguu naivalisha soksi. Hapa kwenye karatasi utaratibu huu unapendeza sana. Kwa vitendo, Waziri akishapakwa hukimbia uchi mpaka uani, akajiviringisha mchangani, akarudi kama samaki aliyepakwa unga akisubiri kukaangwa. Hilo nakubali. Lakini chini ya ule mchanga, Mama, mafuta yapo.

3. Kopo. Ulitutumia siagi ya ng'ombe ya kupaka mwilini, ile iliyokaa mpaka ikapata harufu yake ya heshima. Nashukuru sana. Ila juu ya kopo uliandika neno moja tu: MAFUTA. Siku ile nilikuwa nimempeleka mtoto kuchanjwa. Houssein, mwanao, alikuwa na mgeni, akaona kopo, akasoma vizuri kama ulivyomfundisha, akapikia wali. Mgeni mwenyewe, Amissi, aliomba sahani ya pili na kuuliza ni viungo gani vya Pwani. Mpaka leo hajaambiwa. Naamini kwa ndani sasa ana ngozi laini kuliko sisi sote.

4. Hili nililipanga vizuri sana jana, lakini mtoto aliamka, likapotea. Naomba ulihesabu kama lipo. Lilikuwa kubwa.

5. Houssein tena. Nilinunua chupa ya mafuta ya nazi, nikaificha nyuma ya gunia la maharage. Akaipata. Akaimimina kwenye cherehani. Nilipomuuliza alinijibu bila hata kuacha kukanyaga: "We Salama, mafuta si mafuta? Kwetu kopo lilikuwa moja." Kwetu huko, Mama, ni kwako. Basi cherehani sasa haipigi kelele, inang'aa, inanukia kama bibi harusi, na mi na mtoto ndio tunakwaruza.

Kwa sababu hizo, ikiwa sheria ni kwamba mkavu achukuliwe Gashoho akapakwe, naomba ifuatwe kwa umri. Anza na mwanao. Visigino vyake vinashika shuka. Akigeuka tu nasikia kitambaa kinachanika, na kwa kuwa ni fundi, hakioni kama kitambaa, anakiona kama kazi. Mchukue na cherehani yake, ili umfundishe mbele yake kopo lipi la jikoni, lipi la mashine na lipi la mke. Mchukue na Amissi, maana ameanza kupita hapa saa za kula akiulizia ule wali, na mwenye ule wali ni wewe. Baada yao uwachukue majirani zangu wote wa Musinzira, ambao nimewatazama miguu kwa siri wakati wa kuanika nguo. Ukishawamaliza hao, na kama bado una mikeka, ndipo tuzungumze habari za Waziri.

Lakini Waziri hatoki. Nalisema hili bila kejeli. Nimemzaa mi, nampaka mi, na hata apauke awe mweupe kama ukuta wa msikiti, anaogea hapa. Nikiamka nisimsikie akipumua, hakuna mafuta ya kunitibu hayo.

Naomba jibu kwa maandishi, ila si juu ya mguu wa mtoto.

Wasalimie mawifi zangu, mzee Abubakari na goti lake, na yule mama aliyemwaga chai, mwambie sina kinyongo naye sana. Houssein anakusalimia; hajui anasalimia kwenye barua gani.

Mkweo mwenye adabu anayejikuna,
Salama, mama Waziri

Nyongeza: Mama, hiyo Alhamisi njoo. Si kuchukua mtu, kukaa. Mikono, miguu, shingo najipaka mwenyewe, lakini katikati ya mgongo mkono haufiki. Zamani aliyenipaka hapo alikuwa mama yangu, Mungu amrehemu. Nilimwomba Houssein, akanipaka kama anayepiga pasi suruali. Nikajaribu kwa mwiko. Ukifika, mshike mtoto wako huyo wa W, mwandike mwili mzima ukitaka, mi nilale mpaka adhuhuri, halafu unipake hapo mgongoni, na usiniulize kwa nini nalia. Tena beba khanga za kulalia. Za hapa zote mjukuu wako amezikojolea.