Mama Mkwe Anataka Jina Lake

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ana siku tano duniani na bado hana jina. Mama mkwe amekuja na kikapu cha nguo za mtoto, akatangaza kwamba mjukuu ataitwa Tabu, kama yeye. Mke wangu akatabasamu. Mimi nikameza chai ya moto. Karani wa usajili wa vizazi, miaka kumi na tisa dirisha la kwanza, nimwandike mwanangu Tabu? Nataka Malkia. Mama mkwe habishiwi. Labda kwa ushahidi.

Jumanne, 4 Machi
Nimefukua madaftari ya stoo. Vumbi mpaka puani. Matokeo matamu: miaka sitini iliyopita, kina Tabu thelathini na wanane kwa mwaka mmoja. Miaka kumi baadaye, ishirini. Kisha tisa. Kisha wawili. Miaka kumi na miwili sasa, hakuna hata mmoja. Jina limekata roho. Mama Mihuri, mwenzangu wa dirisha la pili, akauliza natafuta nini. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi
Nimechora mstari unaoporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nimeubandika juu ya benchi la kina mama. Kesho mama mkwe anakuja ofisini kuhakikisha nimeandika jina. Atajionea mwenyewe, mimi mdomo nimefunga. Chini nimeandika: TABU, JINA LILILOADIMIKA. Mama Mihuri akasema hata dhahabu ni adimu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliutazama mchoro mpaka nikaanza kuona fahari. Akasema darasani kwa binti yake mkubwa kuna kina Malkia watano, mwalimu anawaita kwa namba. Huyu mdogo anamtakia jina adimu. Nikaandika Tabu. Kufika saa sita walikuwa wanne. Wa nne alikuwa na mapacha, akaomba la pili lifanane na Tabu. Mama Mihuri akampa Shida.

Mama mkwe akaingia. Akausoma mchoro polepole, kidole hewani, kisha akakaa kwenye benchi. Akaniambia mama yake alizika watoto watatu kabla yake. Akamwita Tabu ili tabu zote ziishie kwake. Miaka yote hii alidhani jina litaondoka naye. Akanishukuru kwa kulitafuta. Nilikosa pa kuuweka uso.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwandika. Tabu, kwa mwandiko wangu bora. Mke wangu akakishika cheti, akasema anajua vizuri mchoro ule ulikuwa wa kazi gani. Mama Mihuri alimpigia simu tangu Jumanne. Mke wangu akacheka mpaka mtoto akaamka. Nilipombeba akanyamaza mara moja, akanikazia macho. Nikamwita kwa jina lake. Halikukaa vibaya mdomoni.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe, aliyenyamaza wiki nzima, leo ameweka kikombe chini akasema mtoto wetu wa pili, akiwa wa kiume, ataitwa Mashaka, kama yeye. Nikasema ni jina zuri sana.

Nimekaa nikatafakari kosa langu. Nilikosea kutumia mstari. Kesho, kwa kina Mashaka, nachora duara.