Kinoo cha Marehemu Kimeota Kitambi

Jumatatu, 9 Juni

Debora, mjukuu wangu anayeishi Mtumba, kaja kwangu Mvumi na kitukuu changu mgongoni. Kichwa kizima nywele! Jumamosi ananyolewa. Katika nyumba yetu, anayemnyoa mtoto nywele za kwanza ndiye anayemtajia jina la nyumbani. Mimi nataka Bartolomayo, kama marehemu mume wangu. Anastazia, bibi yake mume wa Debora, anataka Brayton. Brayton! Jina kama dawa ya meno.

Debora kasema kwanza nijaribu wembe wa babu kwenye mkono wake. Wembe ukang'ang'ania nywele, binti akaruka. Akasema shikamoo wembe! Usipokaa sawa, mtoto atanyolewa na Bibi Anastazia kwa mashine ya betri.

Mashine! Kichwa cha mtoto si nyasi za uwanjani.

Jumanne, 10 Juni

Wembe hauna kosa. Kosa ni kinoo cha marehemu, kile cha kumalizia makali. Nimekimwagia maji, yakatuama katikati kama bwawa. Marehemu alikuwa akinoa katikati tu. Ugali nao alikula hivyo hivyo.

Nikaenda korongoni kutafuta kingine. Jiwe la kumalizia wembe liwe laini kuliko yote. Unalikwangua, unga wake unautia kwenye meno. Ukisikia mchanga, tupa. Nimetafuna korongo zima. Obedi, mchunga mbuzi, akaniona nakula mawe, akauliza kama nina mimba. Nikamwambia ndiyo, na namwomba Mungu mtoto asifanane naye.

Jiwe hakuna. Basi nitasawazisha la marehemu. Jino moja linacheza.

Jumatano, 11 Juni

Wenzangu wanapepeta mtama, mimi nasugua kinoo juu ya jiwe langu la kusagia. Nilikichora mistari ya mkaa: mistari ikifutika yote, kimenyooka. Ikafutika yote! Nikapiga vigelegele peke yangu, kuku wakakimbia.

Nikamwaga maji. Yakateremka huku na huku. Kinoo kimeota kitambi!

Lo, mjinga mimi. Jiwe la kusagia lenyewe ni bonde! Nimesagia uwele hapo tangu nikiwa bibi harusi, mgongo wangu unalijua, kichwa kikasahau.

Sikati tamaa. Nataka kitu kilichonyooka kweli. Na Mvumi nzima najua nani anacho, maana hamalizi sentensi bila kukitaja.

Alhamisi, 12 Juni

Anastazia na marumaru zake za barazani.

Nimekwenda kumsalimia. Alishtuka, akauliza kuna msiba gani. Nikasema bibi mwenzangu, mtu hawezi kukukumbuka tu? Akaingia ndani kupika chai. Nikatoa kinoo kwenye khanga, maji kidogo, mchanga laini kidogo, magoti chini, nikasugua. Kitambi kikaisha. Nikachora mkaa tena, ukafutika wote. Maji yakakaa sawasawa! Shule sikuingia, lakini nyoofu naijua.

Tatizo: marumaru imepauka, duara kubwa kama ungo. Nikavutia mkeka juu yake. Anastazia akatokea na birika, akauliza mbona nimepiga magoti. Nikasema naiombea nyumba yake.

Jamani. Akaweka birika chini, akapiga magoti kando yangu, akalia. Akasema tangu mzee wake afariki hakuna aliyemwombea humu ndani. Ikabidi niombe kweli. Nikaombea miguu yake, mbuzi wake, paa lake. Na mimi nikalia, sijui kwa nini. Kinoo nilichokificha ndani ya khanga kilikuwa kinanichoma kifuani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenoa. Mgongo wa wembe umelala juu ya kinoo, makali nayo yamelala, maji yanasukumwa mbele yake. Kisha nikaulainisha kwenye mkanda wa ngozi wa marehemu. Nimenyoa mkono wangu, wa Debora, na wa Obedi aliyepita tu. Hakuna aliyeruka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemnyoa! Mtoto alilala usingizi. Anastazia mwenyewe aliirudisha mashine kwenye boksi mbele ya wageni, akasema aliyeiombea nyumba yake ndiye anyoe. Nikainama kwenye sikio dogo lile nikamwita Bartolomayo. Marehemu angecheka.

Kisha Anastazia akanivuta kando. Akasema mkeka aliufunua siku ile ile, kabla chai haijapoa. Akasema mtoto aongezwe Brayton, yaishe. Nikakubali mbio. Bartolomayo Brayton! Jina refu kama treni, lakini kichwa cha treni ni jina la marehemu wangu.

Nimeapa mbele yake sitasugua tena barazani kwake.

Jioni nimetazama kinoo kingine cha marehemu, kikubwa, cha kunolea panga. Nacho kina bonde, tena baya. Anastazia hujisifu kuwa marumaru za sebuleni kwake ni pana zaidi, nami niliapia baraza tu, si sebule. Jumatatu nitakwenda. Nasikia miguu inamsumbua tena, inahitaji maombi marefu.